Sina Hapana

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita liliishia kufungia dagaa wa omena kabla hawajalisoma, nawarudisha nyuma kidogo tu, halafu tusonge.

Mimi ni Byron Opondo wa Kondele, na kazi yangu ilikuwa kusema. Kukiwa na matanga popote kuanzia Nyakach hadi Seme, mimi ndiye niliyeshika maikrofoni. Niliwaita mashemeji waje mbele, niliwakata maneno wanasiasa, niliwachekesha watu waliokuja kulia. Hakuna aliyewahi kuninyamazisha.

Ikaninyamazisha spika yangu mwenyewe. Tulikuwa tumechelewa matanga ya upande wa Katito, nikamwambia dereva hakuna haja ya kufunga kamba, nitaishikilia kwa mkono. Pikapu ikaruka tuta. Spika ikaruka zaidi, na iliporudi chini ilinikuta kichwani.

Mliniacha kitandani katika hospitali moja ya hapa Kisumu, wiki ya tano, nikisikia kila kitu na nisiweze kusema chochote. Mikono haikunijibu, miguu haikunijibu, ulimi ulilala kinywani na kukataa kuamka. Kitu kimoja tu kilinitii, nacho ni macho: yalipanda juu na kushuka. Kulia na kushoto hayakwenda. Kope nazo zilifunga zilipotaka zenyewe.

Haya nayataja herufi moja moja kwa macho hayohayo, na kuna mtu anayeyaandika. Ni nani, hilo si la leo.

Sasa, mtu wa kwetu akiinua macho amesema ndiyo. Muulize mwenye boda pale steji ya Kondele kama anafika Obunga. Hatafungua mdomo, atainua uso tu na wewe utapanda. Lakini yeye huinua macho na nyusi pamoja. Nyusi zangu zilikuwa zimekufa ganzi, kwa hiyo macho yalipanda peke yake na weupe ukabaki chini. Na mtu wa kwetu akimwona mgonjwa amepandisha macho hivyo, anajua kwamba huyo anaaga.

"Nyathina, mtoto wangu, unaniskia?" Mama Perez aliniuliza kila alipokuja akiwa ameniinamia.

Nami niliinua macho kwa nguvu zangu zote. Ndiyo, Mama! Nakusikia!

"Oketch! Kimbia! Anaenda!"

Hapo Mama alianza wimbo wa kuaga. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliitikia kwa besi, na mimi nikashusha macho kwa uchovu, na Mama akasema Mungu amenirudisha. Katika wiki tano nilikufa hivyo mara kumi na moja.

Daktari hakusema kwamba sisikii. Nilimsikia vizuri. Alisimama mwisho wa kitanda akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba kufikia sasa hawajapata meaningful response, yaani jibu lenye maana, na kwamba tuendelee kusubiri.

"Amesema nini?" Mama aliuliza alipoondoka.

Mdogo wangu Oketch ndiye msomi wetu. Alikuna kichwa, akatafsiri.

"Anasema hana maana tena."

Na kwa tafsiri hiyo ndipo mambo yalipoanza kuniendea mbio.

Alhamisi, saa saba mchana, Oketch aliingia wodini akinuka rangi ya mafuta. Suruali yake ilikuwa na madoa ya bluu na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu utotoni.

"Bro, nyumba yako imeisha," aliniambia kwa sauti, kama watu wanavyowaambia wagonjwa na viziwi. "Siku nane tu! Vyumba viwili, mabati ya bluu, dirisha za chuma. Tumebakisha kufuli."

Moyo wangu uliruka. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nikisema mwaka huu nitajenga nyumbani, na kila mwaka uliisha nikiwa bado nasema. Sasa nimelala tu, sijabeba hata tofali moja, na nyumba imesimama! Nilijiuliza kwa nini sikuugua mapema.

Kisha nikaikumbuka kazi yangu.

Kwetu, mwanamume mwenye mke na mtoto hawezi kurudishwa bomani kuzikwa kama hakuacha nyumba yake pale. Kama hakujenga, jamaa wanamjengea upesi kabla hajafikishwa. Nimesimama mbele ya nyumba za namna hiyo mara nyingi, udongo ukiwa bado haujakauka, nikawatangazia waombolezaji kwa maikrofoni kwamba wasiegemee ukuta wasije wakarudi na nyumba ya marehemu mgongoni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Na mimi nilicheka.

"Jumamosi asubuhi gari inakuja," Oketch alimwambia nesi. "Tunampeleka nyumbani apumzike."

Nesi Selpha, mwanamke mnene asiyependa mchezo, aliacha kupima joto langu.

"Mzee, huyu koo yake tunasafisha na mashine kila baada ya masaa mawili. Huko nyumbani mko na hiyo mashine?"

"Hatuna."

"Basi hatamaliza siku tatu."

"Ndiyo maana nyumba tumeharakisha, sista," Oketch alijibu kwa upole.

Selpha alimtazama, kisha akatoka na kurudi na karatasi ya kumtoa mgonjwa. Aliiweka juu ya kabati la kando ya kitanda. "Mimi siwezi kuwazuia. Lakini anayesaini ni bibi yake, si wewe na si mama. Bila sahihi ya bibi, haendi mahali."

Msimwone Oketch mtu mbaya. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa, na mkubwa ni mimi. Kwa sababu yangu, mwanamume huyu wa miaka thelathini na sita, mwenye mke na watoto watatu, alikuwa bado amepanga chumba sokoni Katito, ilhali shamba la baba liko palepale. Kila bati la bluu alilopigilia kwangu lilikuwa linamfungulia njia ya kupigilia lake. Hata mimi ningepiga misumari kwa bidii.

Yeye na Mama wakatoka kwenda kula. Nikabaki na dari, na pua yangu.

Hiyo pua ilikuwa imeanza kuniwasha Jumatatu. Jumanne ilizidi. Jumatano nilimwomba Mungu anichukue au anikune, lolote litakaloanza. Spika ya kilo arobaini haikunitesa kama mwasho huo mmoja upande wa kushoto wa pua.

Ndipo akaingia Nekoye, mke wangu.

Nekoye ni Mluhya wa Kibukusu kutoka Kimilili, na anauza nyanya na vitunguu pale Kondele. Alikuja moja kwa moja kutoka kibandani, aproni ikiwa bado kiunoni. Alitoa Vaseline kwenye mfuko wake na kuanza kunipaka usoni huku akiongea, maana Nekoye hakuwahi kuacha kuongea nami hata siku moja, hata walipomwambia anapoteza pumzi.

"Baba Debra, angalia vile umekauka. Unakaa kama mguu ya kuku. Debra amekuwa namba tatu, hesabu ndiyo imemwangusha. Nyanya imepanda tena. Hii ndevu kesho nanyoa, utake usitake. Nikupake mpaka kwa pua?"

Niliinua macho.

Kidole chake kilisimama hewani.

Mnapaswa kumwelewa mwanamke huyu. Siku nzima mikono yake iko kwenye nyanya, na wateja wake wana simu sikioni. Anawauliza: nikufungie? Nikuongezee dhania? Na wao wanamjibu kwa macho tu, mara nyingine bila hata kusogeza nyusi. Kwake yeye macho yaliyopanda hayakuwa na uhusiano wowote na mbinguni. Yalikuwa biashara.

"Nimeuliza, nikupake kwa pua?" alisema polepole.

Nikainua.

"Ama inakuwasha?"

Nikainua, nikainua, nikainua.

Nekoye akanikuna. Nimekula mbuzi wa kila namna katika matanga ya watu, nimelala kwenye godoro la hoteli, nimepigiwa makofi na umati wa watu elfu mbili. Utamu wa kidole kile sijaupata kwingine. Machozi yalinitoka.

Aliangalia mlango, akaangalia tena uso wangu. Sauti yake ikashuka.

"Wewe ni Mluhya?"

Nikatulia.

"Wewe ni Mjaluo?"

Nikainua.

"Mtoto wetu anaitwa Bridget?"

Nikatulia.

"Anaitwa Debra?"

Nikainua.

"Mimi ni mrembo kushinda Caren wa duka?"

Niliinua upesi sana, maana hilo si swali la kufikiria.

Nekoye alikaa sakafuni palepale. Alilia, kisha akacheka, kisha akasimama na kunipiga kofi la bega. "Wiki tano! Wiki tano unaniskia nikikuambia bei ya nyanya na hukuniambia unaniskia!"

Nilifurahi. Nilikuwa nimepatikana. Nilidhani yamekwisha.

Alikimbia nje akarudi akiwavuta Mama na Oketch kwa mikono, Oketch akiwa bado na kipande cha chapati.

"Mama, yuko! Baba Debra yuko ndani, anajibu! Akiinua macho ni ndiyo. Akinyamaza ni hapana. Angalia. Baba Debra, unatuskia?"

Niliinua macho mpaka yakauma.

Mama aliweka mikono kifuani. "Yaye, Nyasaye, Mungu wangu! Si hivyo ndivyo anafanya kila siku akiona malaika?"

"Si malaika, Mama, ni ndiyo!"

"Wacha mimi niulize," Oketch alisema, akameza chapati. Aliniinamia. "Bro, unataka twende nyumbani Jumamosi?"

Nikatulia. Nilitulia kwa ukali. Nilitulia kwa kelele.

Alisubiri. "Umeona? Hajibu."

"Amejibu! Amesema hapana!"

"Shemeji, amesema hapana vipi na hajafanya kitu? Hata hii kabati imesema hapana basi."

Hapo ndipo nilipoiona hatari yangu yote. Nilikuwa na neno moja tu, ndiyo. Hapana yangu haikuwa na tofauti na ya maiti. Wangeweza kuniuliza maswali mia ya kuniokoa: yaliyohitaji hapana yangenifanya kabati, na yaliyohitaji ndiyo Mama angesema ni malaika.

Mama naye alikuwa amegeuka, si kwangu, bali kwa Nekoye. Sura yake ilikuwa imebadilika.

"Mimi nakuelewa, nyar mwa," alisema. Hilo ndilo jina alilomwita miaka yote, binti wa watu wa nje. "Tangu umeolewa hukutaka kijana wangu ajenge kwao. Umemfungia Kondele kwa nyanya yako. Sasa hata akiwa namna hii unatengeneza hadithi ya macho ndiyo asirudi. Saini hiyo karatasi."

"Mimi nilikataa?" Nekoye alisema. "Mimi?"

"Si ulisema hutakanyaga matope ya Nyakach?"

"Sijawahi kusema! Si ni wewe, Mama, ulisema hutaki kuniona kwa boma yako? Ati nikikuja utafunga mlango?"

"Mimi? Nilimwambia nani?"

"Ulimwambia Baba Debra."

"Na wewe hiyo maneno ya matope, mimi niliambiwa na nani?" Mama aliuliza, sasa polepole zaidi. "Niliambiwa na Byron."

Wote wawili wakageuza shingo, wakanitazama.

Kope zangu zikafunga. Naapa zilijifunga zenyewe.

"Ai!" Oketch akasema. "Huyu anaskia. Hakuna mtu asiyeskia anaweza kufunga macho hivyo."

Wasomaji wangu, niliwaahidi ukweli tangu sehemu ya kwanza, na leo ndiyo siku yake.

Nilikuwa nimewadanganya wote wawili. Kwa miaka kumi na miwili nilisimama katikati yao nikitafsiri maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Mama alipouliza nyumba, nilimwambia kwamba Nekoye hataki. Nekoye alipouliza nyumbani, nilimwambia kwamba Mama hataki. Ulikuwa mpango mzuri sana, na ulihitaji jambo moja tu, kwamba mimi niwe ninaongea daima. Sasa walikuwa wanaongea wao kwa wao juu ya kifua changu, na mimi sina mdomo.

Na ule uongo ndio uliokuwa unaniua. Duniani kote nilikuwa na shahidi mmoja kwamba niko hai, na Mama hakuweza kumwamini shahidi huyo kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe.

"Muulize wewe, Mama," Nekoye alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mimi nitasimama huko nyuma, usiseme nimefanya kitu. Muulize nani alikataa nyumba."

Mama alivuta kiti. Aliketi karibu nami mpaka nikaona nywele nyeupe zilizotoka chini ya kitambaa chake. Ni yeye aliyenitetea tangu nilipoanza kutembea. Nilipovunja dirisha la shule alisema ni upepo. Nilipoacha kujenga aliwaambia akina mama wote wa kanisa lake kwamba mwanawe ni mtu mzuri, ila ameoa vibaya.

"Byron," aliniita. "Ni huyu alikataa nyumba?"

Nikatulia.

"Ni mimi?"

Nikatulia. Niliona anaanza kukata tamaa, maana mara mbili nilikuwa kabati.

Nadhani swali la tatu lilimwuma kabla hajalisema.

"Ni wewe?"

Ningeweza kunyamaza. Ningebaki mtoto mzuri wa Mama, ningelala katika nyumba yangu ya bluu Jumamosi, na kabla ya Jumatano angekuwa ananililia kama mtoto asiye na doa. MC mwingine angepatikana, na angenisifu.

Lakini sikutaka kusifiwa. Nilitaka kukunwa pua tena. Nilitaka kuambiwa bei ya nyanya.

Nikainua macho. Nikayaacha huko juu, ili asije akasema ni malaika.

Mama hakuimba. Alinitazama, nami nikayashusha na kumtazama.

"Yuko," alisema. Kisha akarudia kwa nguvu, "Oketch, yuko! Huyu mjinga yuko!" Akanishika uso kwa mikono yote miwili na kuutikisa, akicheka na kulia, na palepale akanifinya shavu kwa uchungu kabisa, kama alivyonifinya nikiwa darasa la pili. "Wewe! Unajua mimi nimesema nini juu ya huyu mama mbele ya kanisa? Unajua?"

Nikainua. Nilijua.

"Piga simu," alimwambia Oketch bila kugeuka. "Gari isikuje."

"Na nyumba, Mama?"

"Nyumba itangoja mpaka mwenyewe aingie na miguu yake."

Oketch alinitazama, kisha akatabasamu kidogo. "Lakini imejengwa, sivyo? Hata akikawia, mimi naweza kuanza yangu?"

"Anza yako na utoke hapa."

Nilikuwa nimeshinda! Nilikuwa nimekiri mara moja tu na kupata uhai wangu, mama yangu na nesi wa mashine ya koo, yote kwa siku moja. Laiti ningekuwa na mdomo, ningewaamuru wote wapige makofi.

Mama aliinuka. Aligeuka kumtafuta mke wangu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akilitaja jina lake.

"Nekoye," alisema. "Nekoye, mama. Nisamehe."

Nekoye alikuwa mwisho wa kitanda, na karatasi ya Selpha ilikuwa mkononi mwake.

Alikuwa ameichukua kutoka kabatini wakati sisi tunafurahi. Kalamu alikuwa nayo, ile ya kuandikia wateja wake, inayokaa kwenye mfuko wa aproni.

"Mama, wewe hujakosa," alisema hatimaye. "Uliambiwa uongo ukaamini. Hata mimi niliambiwa nikaamini. Miaka kumi na mbili nimelia Krismasi yote nikifikiri mama ya bwanangu ananichukia." Alifungua kalamu. "Mimi nataka kuuliza kitu moja tu. Mama, nipishe kidogo."

"Nekoye, usisaini," Mama alisema.

"Sijasaini. Nauliza."

Akaja kichwani. Hakuniita Baba Debra.

"Byron Opondo. Ile siku ya kwanza ulinipeleka kwenu. Ile matanga. Unakumbuka?"

Nikainua, taratibu.

Nilikumbuka kila kitu. Tulikuwa na miezi mitatu ya ndoa. Alikuwa amejifunza salamu ya Kijaluo kwa wiki nzima, jikoni, mbele ya kioo. Saa tatu asubuhi alisimama mbele ya watu wetu wote akasema "Oimore", ambayo ni salamu ya jioni. Kosa dogo la kupendeza. Na mimi nikachukua maikrofoni nikasema mgeni wetu amekuja na giza lake. Mamia ya watu wakacheka. Nilicheka kuliko wote, na nilipokuwa nacheka sikuweza kumtazama.

Baada ya siku hiyo sikumpeleka tena. Nilianza kutunga sababu.

"Hukuwahi kunipeleka tena," Nekoye alisema. Alikuwa halii, na ningependa angekuwa analia. "Nataka kujua kwa nini. Ulikuwa unanionea aibu?"

Hata yule mgonjwa wa besi alikuwa ameinua kichwa.

"Na usinyamaze," aliongeza. "Ukinyamaza leo, hiyo si hapana. Hiyo ni uongo mwingine. Ukinidanganya tena nasaini hapa, wakupeleke kwa mabati yako, na mimi narudi kwetu Kimilili na mtoto wangu. Jibu."

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa refu. Kwamba ndiyo, siku ile, na labda mwaka ule. Kwamba aibu iliisha kabla Debra hajaota meno, na kilichobaki ni woga wa kukiri. Kwamba nimemsikia akiongea peke yake kwenye kitanda changu kwa wiki tano, na nimejua kwamba mwenye kustahili kuonewa aibu katika nyumba yetu hakuwa yeye. Kwa maikrofoni ningelisema lote, na angelisikia lote.

Lakini macho yangu hayajui kusema "mwanzoni". Hayajui "lakini". Yakipanda, atakachosikia ni ndiyo tupu, kwamba miaka kumi na miwili mume wake alimwonea aibu, basi.

Alisubiri. Ncha ya kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi.

Nilikuwa ninampenda. Angeniuliza hilo, ningeinua macho hadi jua litue. Hakuniuliza.